Mahjub bin Adam, Askari Aliyedai Haki Yake

Sisi Waislamu wa Kiyeyi, pamoja na ndugu zetu wa Tororo na Busia, twajua kwamba dini katika nchi hizi ilifuatana mara nyingi na nyayo za askari. Wanubi ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, walikuwa Waislamu, na wazao wao wangali wako Uganda. Kwa sababu hiyo twapenda kumkumbuka hapa mwana wa askari mwingine wa Kisudani, aliyetumikia upande wa pili, yaani kwa Wadachi.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka kumi tu, akaingia jeshini pamoja na baba yake, akafundishwa kazi ya kupeleka ishara. Mwezi wa Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza, miongoni mwao Keya na askari wa Nigeria, yalipambana na Lettow-Vorbeck huko Mahiwa, upande wa Lindi. Walipigana siku nne, Mwafrika akimpiga Mwafrika kwa ugomvi wa wageni. Upande wa Waingereza peke yake waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Mahjub alijeruhiwa, akawa mateka, naye hajatimiza miaka kumi na minne.

Jeraha lilipona, na vita vikaisha. Akawa mtumishi katika meli, na mwaka 1929 akafika Berlin, akabisha hodi serikalini kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Akaambiwa kwamba amechelewa, muda wa kudai umekwisha kupita. Kana kwamba deni huoza kama embe! Aliomba pia nishani ya askari wa vita, akanyimwa.

Hata hivyo alikaa. Alioa mwaka 1933, akawa mwandazi wa mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kwa ujira mdogo, na akaigiza katika filamu nyingi. Ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters, ambaye wenyeji wa mpaka huu wana sababu ya kumjua: ndiye aliyepita Mumias mwaka 1890, akafungua barua za Jackson zisizokuwa zake, kisha akakimbilia Buganda kwa Mwanga. Mahjub aliigiza kama kiongozi na mkalimani wake.

Mwaka huo huo alikamatwa, kwa kuwa alikuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu asiyekuwa mkewe. Hatuji kulitetea jambo hilo. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini hakuhukumiwa na kadhi wala na jaji yeyote. Alipelekwa moja kwa moja katika kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, na kosa lenyewe hasa lilikuwa rangi ya ngozi yake. Mateka ya Waingereza aliyapona akiwa mtoto. Kifungo cha wale aliowapigania hakukipona. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944, baada ya miaka mitatu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwaka 2007 jiwe dogo la shaba lilitiwa njiani mbele ya nyumba aliyokaa Berlin, nalo limeandikwa jina lake. Mshahara ule haukulipwa.