Mkono mrefu: historia ya vidude vya kuendesha kompyuta kutoka mbali

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nataka tuzungumze historia kidogo. Swali lenyewe ni hili: kompyuta iliyo mbali nawe ikikwama kabisa, utaishikaje?

Kama imewaka na mtandao uko sawa, hakuna shida. Unaingia kwa SSH na kuendelea na kazi yako. Lakini kumbuka kwamba SSH yenyewe ni programu inayoishi ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Mfumo ukigoma kuwaka, SSH nayo imelala. Hapo unahitaji mkono wa kubonyeza kitufe na kugonga kibodi, na jicho la kusoma kilichoandikwa kwenye skrini. Hapa kwetu mkono huo mara nyingi ni wa askari wa zamu. Unampigia simu saa nane usiku: "Kaka, pole kwa usumbufu. Unaiona ile mashine ya tatu kutoka chini? Bonyeza kitufe chake, hesabu hadi kumi, halafu achilia."

Watu wamekuwa wakitafuta kidude cha kufanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 80. Nimeifuatilia historia hiyo na nimeona jambo moja likijirudia. Kila kizazi kimeurefusha mkono, na kila kizazi kimechelewa kuuliza mkono huo ni wa nani. Nanyi mnajua Kiswahili humwita nani mwenye mkono mrefu.

Mashine New York, mwendeshaji Hanover

Tuanzie Marekani. George Stibitz alikuwa mtaalamu wa hisabati katika Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu. Mwaka 1937 alichukua relei chache akaziunganisha juu ya meza ya jikoni kwake, zikawa zinajumlisha namba zilizoandikwa kwa sifuri na moja. Relei, kwa asiyeijua, ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Mitambo ya simu ya wakati huo ilijaa relei. Baadaye Bell Labs walimruhusu kuunda mashine kubwa ya kukokotoa namba changamano, yenye relei zaidi ya 400. Ilianza kazi New York mwezi Januari 1940.

Watumiaji hawakuigusa mashine yenyewe. Ilikaa kwenye chumba chake, nao waliandika hesabu zao kwenye teletaipu, yaani taipureta inayotuma herufi kupitia waya. Stibitz akafikiri: kama waya unaweza kuvuka ukumbi wa jengo, kwa nini usivuke majimbo?

Tarehe 11 Septemba 1940 palikuwa na mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani katika chuo cha Dartmouth, mjini Hanover, zaidi ya kilomita 300 kutoka New York. Stibitz aliiacha mashine ilipo. Alichopeleka Hanover ni teletaipu tu, akaiunganisha na laini ya mawasiliano na kuwaalika wenzake waandike hesabu. Majibu yalirudi yakichapwa mbele ya macho yao. Miongoni mwa waliokuwepo ni Norbert Wiener na John Mauchly. Huyu Mauchly ndiye aliyekuja kushirikiana na J. Presper Eckert kuunda ENIAC, iliyozinduliwa mwaka 1946.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza inayojulikana ya kompyuta kuendeshwa kutoka mbali. Angalia kitu kimoja: hapakuwa na neno la siri. Aliyekaa mbele ya teletaipu ndiye aliyekuwa mwenye mashine. Usalama wote ulikuwa kwenye waya wenyewe na kwenye mlango wa chumba. Kwa mwaka 1940 hilo lilitosha.

Jina ambalo halijafa

Miaka 24 baadaye tunarudi chuo kile kile. Saa kumi alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, walimu wawili wa Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz, pamoja na wanafunzi wao, waliwasha mfumo ulioruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi fupi, kila mmoja akiona kama ni yake peke yake. Lugha ya BASIC ilizaliwa siku hiyo hiyo. Kila mtumiaji alikuwa na teletaipu. Ile iliyosambaa zaidi miaka hiyo, Model 33, iliandika herufi 10 tu kwa sekunde.

Unafikiri teletaipu imeisha? Fungua teminali ya Linux sasa hivi, andika tty, bonyeza Enter. Herufi hizo tatu ni ufupisho wa jina la teletaipu. Kompyuta yako bado inaamini kuna taipureta mwisho wa waya.

Simu inapokea yenyewe

Teletaipu ilihitaji laini. Kwa muda mrefu kampuni kubwa ya simu ya Marekani, AT&T, ilikataza watu kuunganisha vifaa vya wengine kwenye laini zake. Mwaka 1968 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilitoa uamuzi unaojulikana kama Carterfone, na mlango ukafunguka. Kwa miaka mingi bado njia ya kawaida ilikuwa kulaza mkono wa simu juu ya vikombe viwili vya mpira ili kompyuta "isikilize" sauti.

Mwaka 1981 Dennis Hayes na Dale Heatherington walitoa Smartmodem, kisanduku kilichopitisha biti 300 kwa sekunde. Jipya lilikuwa kwamba kompyuta ingeweza kukiamuru kwa maandishi. ATD, piga simu. ATA, pokea. ATH, kata. Zile modemu za USB zilizosambaa hapa Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000 zilielewa amri hizo hizo, na modemu nyingi za simu za mkononi bado zinazielewa.

Sasa modemu iliweza kupokea simu yenyewe usiku, bila mtu ofisini. Mafundi walifurahi. Waliiunganisha na mitambo yao kupitia kebo ya RS-232, wakaenda zao nyumbani, na kitu kikiharibika walipiga simu kutoka sebuleni. Lakini namba ya simu haina siri. Vijana wakaandika programu za kupiga namba moja baada ya nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka modemu fulani ijibu. Filamu ya WarGames ya mwaka 1983 ilionyesha mchezo huo kwa dunia nzima. Mlango ulikuwa umehama kutoka chumba cha Stibitz hadi kwenye mtandao wa simu, na wengi hawakuwa wamehamisha kufuli.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Miaka ya 1990 seva za aina ya PC zilijaa kwenye makabati. PC ina tabia mbaya. Inapowaka huandika ujumbe wake wa kwanza kwenye skrini, na ikikwama inasubiri kibodi. Ndipo zikaja swichi za KVM, kibodi moja na skrini moja kwa seva nyingi, na baadaye za kupitia mtandao. Compaq nao walianza kuuza kadi ya Remote Insight, iliyochomekwa ndani ya seva ili msimamizi aione skrini yake akiwa mbali. Mwaka 1998 Intel, Dell, HP na NEC walitangaza IPMI, makubaliano ya jinsi kifaa kama hicho kinavyozungumza. HP walikuwa na iLO, Dell wakawa na DRAC.

Ndani ya vyote hivi kuna kompyuta ndogo ndani ya ile kubwa. Ina prosesa yake, kumbukumbu yake na njia yake ya mtandao. Seva ikizimwa, chipu hii haizimiki ilimradi waya wa umeme umechomekwa ukutani. Inaweza kuwasha, kuzima, kupima joto, kuonyesha skrini, hata kuidanganya seva kwamba kuna diski ya kusakinishia mfumo mpya. Mimi mwenyewe nimesakinisha Linux kwenye seva iliyo katika jengo ambalo sijawahi kulikanyaga. Ni raha, siwezi kukataa.

Lakini fikiri kidogo. Mtu akiingia kwenye chipu hii, hana haja ya kuhangaika na neno la siri la Linux. Yeye ni kama mtu aliyesimama mbele ya mashine akiwa na muda wote duniani.

Mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alieleza wazi hali ya IPMI. Toleo la 2.0, la mwaka 2004, lilikuwa na njia ya kuingia iliyoitwa sifuri, yaani bila uthibitisho wowote: taja jina la mtumiaji aliyepo, andika neno la siri lolote, karibu ndani. Kingine kilikuwa kibaya zaidi. Kabla hujathibitisha wewe ni nani, chipu inakutumia alama iliyotokana na neno la siri la mtumiaji unayemtaja. Unakwenda nayo nyumbani na kubahatisha polepole mpaka ilingane. Na hili la pili ndivyo makubaliano yenyewe yalivyoandikwa. Huwezi kulirekebisha bila kuvunja makubaliano.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya wengine. Katika iLO 4 ilionekana kwamba ukituma herufi A 29 mfululizo mahali fulani pa ombi lako, ulinzi unapitwa. HPE walitoa marekebisho. Mwaka huo huo ikagundulika kwamba AMT ya Intel, teknolojia ya aina hii kwa kompyuta za ofisini, ilikubali jibu tupu badala ya neno la siri.

Haya si ya Ulaya na Marekani pekee. Niliwahi kuitwa kukagua seva za kampuni moja hapa Nairobi. Mfumo wao ulikuwa safi, umesasishwa, maneno ya siri marefu. Lakini poti ya usimamizi ilikuwa imechomekwa moja kwa moja kwenye intaneti, na neno la siri lilikuwa lile lililotoka nalo kiwandani. Hakuna aliyejua poti ile ni ya nini. Walifunga dirisha kwa vyuma na kuacha mlango wa nyuma wazi.

Mkono wa mfukoni

Chipu hizo zilikuwa za wenye seva za bei. Hilo lilibadilika baada ya Raspberry Pi kutoka tarehe 29 Februari 2012, kompyuta ya dola 35 inayoenea kiganjani. Baadhi ya matoleo yake yaliyofuata yanaweza kujifanya kibodi na kipanya kupitia USB. Ongeza kifaa cha kunasa picha ya HDMI, weka programu huria ya PiKVM, na umepata mkono kwa ajili ya kompyuta yoyote, hata kikongwe cha maabara ya shule. Kompyuta inaona skrini, kibodi na kipanya tu. Haioni mtandao wala haijui kuna mtu upande wa pili.

Kwa fundi mmoja anayehudumia shule tano kaunti nzima, hii ni nauli iliyookolewa na siku isiyopotea barabarani. Naipenda teknolojia hii na nitaendelea kuitumia.

Lakini tusifumbe macho. Mwezi Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza msako uliogusa "mashamba ya laptopu" 29 yaliyojulikana au kushukiwa, katika majimbo 16. Wafanyakazi wa Korea Kaskazini walipata kazi za programu kwa majina ya watu wengine. Kampuni zilituma laptopu kwenye anwani za Marekani, na mawakala huko wakaziunganisha na vifaa vya KVM ili ziendeshwe kutoka ng'ambo. Kwa mwajiri, laptopu ilikuwa Marekani na kibodi ilikuwa ikigongwa. Kidude ni kile kile kinachomsaidia fundi wetu wa shule tano.

Sisi waandishi wa programu tunaofanyia kazi kampuni za nje tukiwa hapa Kenya tunaguswa moja kwa moja. Kila hila kama hii inapofichuka, mwajiri anaanza kumtilia shaka kila mtu asiyemwona kwa macho, hata aliyeandika jina lake halisi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, nenda nyuma ya seva zako uone ni nini kimechomekwa. Ukiona kidude usichokijua, usikidharau kwa udogo wake. Pili, poti ya usimamizi isiguse intaneti moja kwa moja. Iweke kwenye mtandao wake wa pembeni na uingie kwa VPN. Tatu, badilisha neno la siri la kiwandani siku unayofungua boksi, na usasishe programu ya chipu hiyo kama unavyosasisha mfumo. Nne, weka kumbukumbu ya nani aliingia na lini.

Stibitz aliwajua watu wote waliokuwa na waya wa kufikia mashine yake. Sisi waya wetu unafika kila mahali, na kibodi inapogongwa kompyuta haiulizi kidole ni cha nani. Kuuliza ni kazi yetu.