Malthus, Sensa na Kosa la Kugawanya kwa Kumi

Muhula uliopita niliandika namba mbili ubaoni. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Tanzania watu 44,928,923. Ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Nikawauliza wanafunzi: idadi yetu ilikua kwa asilimia ngapi kila mwaka?

Jibu lilikuja upesi. Ongezeko la miaka kumi ni asilimia 37.4, ukiligawanya kwa kumi, unapata 3.74. Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, mbona takwimu rasmi zinasema 3.2? Nani anatupunguza?"

Swali lile lilistahili jibu la heshima. Tuliwachukua watu wa 2012, tukawakuza kwa asilimia 3.74, mara kumi mfululizo. Tukafika karibu milioni 65, yaani tukawa tumebuni watu wapatao milioni 3 ambao hawapo. Hakuna aliyetupunguza. Ongezeko la kila mwaka huhesabiwa juu ya watu wa mwaka uliotangulia, pamoja na wale waliokwisha kuongezeka. Huo ni mfuatano wa kijiometri: kila hatua ni kuzidisha, si kujumlisha. Njia sahihi ni kugawanya idadi ya 2022 kwa ile ya 2012, upate 1.374, kisha utafute kipeuo chake cha kumi. Utapata 1.032, yaani ukuaji wa asilimia 3.2.

Mfuatano huu una historia nzito ya kisiasa. Mwaka 1798, Mwingereza Thomas Malthus alitoa kitabu akidai kwamba watu, wasipozuiliwa, huongezeka kwa kuzidisha: 1, 2, 4, 8, ilhali chakula huongezeka kwa kujumlisha: 1, 2, 3, 4. Ushahidi wake aliutoa Amerika ya Kaskazini, ambako alisema watu walikuwa wakiongezeka maradufu kila miaka 25. Hiyo ni kama asilimia 2.8 kwa mwaka. Sisi tumeipita.

Kuzidisha kwake hakukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika dhana alizozijenga juu yake. Alihoji kuwa misaada kwa maskini huwafanya wazidi kuzaana, na fikra hizo zilichangia sheria ya mwaka 1834 iliyobana misaada hiyo nchini Uingereza na kuwasukuma wahitaji kwenye nyumba za kazi. Lakini historia haikumtii. Kati ya 1801 na 1901, watu wa England na Wales waliongezeka kutoka takriban milioni 9 hadi milioni 32.5. Kilimo kilibadilika, chakula kikaagizwa kutoka ng'ambo, na kuelekea mwisho wa karne uzazi wenyewe ukaanza kupungua, bila njaa kuulazimisha.

Nayarudia haya kwa sababu yanatuhusu. Mwaka 1967 tulikuwa milioni 12.3, kufikia 2022 tulikuwa mara tano ya hapo. Kwa asilimia 3.2, idadi ya 2022 itakuwa maradufu baada ya miaka 22: yapata watu milioni 123 ifikapo 2044, iwapo uwiano hautabadilika. Siasa yote imo ndani ya neno hilo "iwapo". Uwiano si amri ya maumbile. Hubadilishwa na elimu ya msichana, uhai wa mtoto mchanga, na uhakika wa maisha ya uzeeni.

Afisa mipango anayeongeza idadi ileile ya madarasa kila mwaka anajumlisha mahali panapozidisha. Pengo litakapodhihirika, ataonekana wa kulaumiwa ni mama mwenye watoto sita, na hapo Malthus atakuwa amerudi mezani bila kualikwa.

Kwa hiyo namshukuru yule kijana. Aliishuku namba ya serikali, kama raia anavyopaswa. Kisha akaketi, akaikokotoa mwenyewe. Sehemu hiyo ya pili ndiyo tunayoisahau mara nyingi.