Kalafati: Pamba, Nyundo na Mbao Kavu

Mtu wa Kamukuywa, kaunti ya Bungoma, akiamua kuunda mashua uani kwake, mshindani wake mkubwa ni mvua. Kuanzia Desemba hadi Februari jua la Bungoma na Kitale huwa upande wa fundi. Machi ikiingia, mawingu yanakusanyika na kazi ya nje inageuka mbio. Wenzetu wa Ulaya wanaounda mashua nje ya nyumba hukimbizana na baridi, kwa kuwa gundi ya epoksi hugoma kukauka vizuri hewa ikipoa sana. Sisi tunakimbizana na maji. Katika mbio hizo iko hatua isiyokubali pupa, nayo inaitwa kalafati.

Kukalafati ni kujaza maungio ya mbao za chombo kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikasokotwa na kushindiliwa kwa nyundo na patasi butu hadi maji yakose njia. Neno hilohilo ni jina la kile kinachoshindiliwa: pamba yenyewe ni kalafati. Asili yake ni Kiarabu, na Waturuki na Wareno wana neno la ukoo huohuo, kwani mabaharia walipopokezana ufundi huu walipokezana na msamiati wake.

Tusiichanganye kalafati na jamaa zake. Gundi huunganisha ubao na ubao. Deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, hupakwa nje ya chombo sehemu inayozama. Rangi huukinga ubao na jua na unyevu. Kalafati peke yake ndiyo inayokaa ndani ya maungio.

Sababu ya kudai ukavu imo katika mbao zenyewe. Ubao mbichi ukipoteza maji hadi unyevu wake ukashuka chini ya takriban asilimia 30, huanza kunywea. Kwa urefu haubadiliki sana. Kwa upana hubadilika waziwazi. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukinywea kwa asilimia 2 tu, umepungua milimita 4, na hizo zinatosha kuijaza mashua maji. Fundi akikalafati mbao zilizovimba kwa mvua, jua likirudi maungio yatafunguka na pamba italegea. Akikalafati mbao zilizokauka vyema, chombo kikishuliwa mbao hunywa maji, huvimba na kuibana pamba. Hapo maji yenyewe yanamalizia kazi ya fundi. Lakini asishindilie kupita kiasi, maana mbao zikivimba bila nafasi huweza kung'oa misumari kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo.

Kwa hiyo ratiba ya uani ni hii: mbao zipangwe mapema chini ya paa la mabati lililo wazi pande zote, vijiti vikiwekwa kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mataruma na mbao za ubavuni zifuate. Kalafati ifanywe wakati wa kiangazi. Mvua ikiwahi, chombo kifunikwe na kazi isubiri.

Kazi hii ingali hai. Huko Matondoni, kisiwani Lamu, majahazi na mashua huundwa nje, karibu na maji. Kwenye Ziwa Victoria, ambako Mto Nzoia unaishia baada ya kupokea maji ya Mto Kamukuywa, mashua za mbao nazo huzibwa kwa pamba. Wala pamba si ngeni Bungoma: Malakisi ina historia ya kinu cha kuichambua.

Baadhi ya vitabu na wafasiri huandika "kuziba" tu. Neno hilo ni pana mno, kwani tunaziba shimo, pengo, hata mdomo. Linataja matokeo na kuacha ufundi. Kalafati hutaja kitendo na kitu chake kwa pamoja, na linaweza kupanuliwa bila taabu: silikoni inayojazwa pembeni mwa fremu ya dirisha mjini Kitale inafanya kazi ileile, na ingefaa kuitwa kalafati ya dirisha badala ya kuitwa gundi.

Walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na waandishi wa kamusi, lifundisheni neno hili pamoja na kazi yake. Nawe fundi wa uani, pima ukavu wa mbao zako kabla hujagusa pamba.