Maji ya Ngarambe na Nguruwe Mwitu

Sisi tuliofundisha historia katika shule za msingi tulikuwa na somo moja ambalo watoto walilipenda kuliko yote, nalo ni Vita vya Maji Maji. Ukifika pale Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe anapowapa watu dawa ya kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji, darasa zima hunyamaza. Hata mtoto aliyesahau kila kitu kingine huikumbuka risasi. Lisilokumbukwa, kwa kuwa vitabu vingi vya darasani havikulitaja, ni kwamba dawa ile ilipoanza kuenea haikusifiwa kwa ajili ya risasi peke yake. Taarifa moja ya Wajerumani ya miaka ile yaeleza kwamba watu waliambiwa dawa itawaondolea mashaka ya kilimo, itawapa neema na afya, itawakinga na njaa na maradhi, na hasa itayalinda mashamba yao yasiharibiwe na nguruwe mwitu.

Zingatia, msomaji, neno hilo "hasa".

Mtu wa mjini aweza kucheka. Hajalala shambani. Nguruwe mwitu, nami simsemi ngiri anayekimbia mchana mkia juu, hutoka usiku na kundi lake, na kazi yake ni kufukua. Akiingia kwenye muhogo hali shina moja akashiba akaenda zake. Hung'oa hili, akatafuna nusu, akahamia la pili. Mahindi huyaangusha kwanza ndipo ayale. Nina kishamba changu nyuma ya nyumba, muhogo na viazi vitamu na mipapai michache, na asubuhi moja nilikuta tuta zima la viazi limepinduliwa kana kwamba limepitiwa na plau. Mimi nina pensheni. Mwenye kutegemea tuta lile kwa chakula cha watoto alifanyeje?

Wazee wetu walikuwa na majibu yao. Walijenga uzio wa miti, walichimba mashimo, walikesha juu ya dungu na kupiga debe. Lakini kinga kubwa ilikuwa msako: nyavu za kamba nene zikatandazwa, mbwa wakaachiliwa, wanaume wa kijiji kizima wakafuata na mikuki. Hiyo si kazi ya mtu mmoja, na hapo ndipo serikali ya Wajerumani ilipoligusa shamba bila kulikanyaga. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyoleta leseni na kutenga hifadhi za wanyama, na kanuni zilizofuata zikazidi kuzibana nyavu na mitego ya wenyeji. Ikaja kodi ya kibanda, iliyowatoa wanaume nyumbani kwenda kutafuta rupia. Tangu 1902, chini ya Gavana von Götzen, yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 jinsi mambo hayo yalivyokutana Uzaramo: wanaume hawapo, misako imekufa, nguruwe wamezidi, na wanawake wameachiwa shamba na njaa. Pamba iliyong'olewa Nandete mwezi Julai 1905 ilikuwa na hesabu ndefu nyuma yake.

Vita vyenyewe havikumpunguza nguruwe. Wajerumani walichoma vyakula, na wengi wa waliokufa, ambao wanahistoria wengine huwakadiria kuwa 250,000 hadi 300,000, waliuawa na njaa. Mashamba yaligeuka pori, na pori likarudi na wenyewe. Baada ya vita watu wengi wa kusini waliingia katika Uislamu, na tangu hapo nguruwe akawa haramu: unamwua, humli. Msako uliokuwa ukileta kitoweo ukawa jasho tupu.

Waingereza walituletea Bwana Nyama na bunduki yake. Alipiga tembo walioingia mashambani, hilo tumshukuru, lakini ni yeye huyo aliyelinda pori walikotoka. Hifadhi iliyopewa jina la Selous mwaka 1922 iliendelea kupanuka, na katika miaka ya 1940 watu wengi wa upande wa Liwale walihamishwa, sababu iliyotajwa ikiwa malale.

Nasi baada ya uhuru tulikuwa na yetu. Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969 iliwatoa watu bondeni kwenye mafuriko na kuwaweka katika vijiji vya juu, penye barabara, zahanati na shule. Siibezi, mimi nilipata kazi kwa sababu shule zile zilikuwapo. Lakini mashamba yalibaki bondeni kwenye rutuba, na zamani mtu alilala katika dungu lake akilisikia shamba linavyopumua. Sasa shamba lilikuwa mwendo wa saa nzima. Msimu wa kuamia mpunga ulipofika, daftari la mahudhurio lilijaa alama za utoro, na afisa elimu akitaka maelezo. Maelezo yalikuwa juu ya madungu, na kombeo mkononi, wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku.

Waliolala huko hawakuhatarisha masomo tu. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, baadhi yao Watanzania, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba simba waliua watu zaidi ya 563 nchini kati ya 1990 na 2004, Rufiji na Lindi zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Sababu mojawapo waliyoitaja ni nguruwe mwitu: yeye hufuata mazao, simba humfuata yeye, na kati yao yupo binadamu katika kibanda cha makuti.

Mwaka 2011 serikali ilitunga kanuni za malipo kwa waliodhuriwa na wanyama wakali. Hayakuitwa fidia. Ya mazao yaliitwa kifuta jasho, ya kifo na majeraha kifuta machozi, na nadhani aliyechagua majina hayo alijua Kiswahili vizuri. Kwa kanuni hizo, shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikustahili kulipwa kitu.

Ngarambe ingalipo. Tangu 2019 sehemu kubwa ya Selous imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kijiji cha Kinjikitile kiko jirani nayo. Pamoja na kijiji cha Tapika wameunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, na muhogo wanaupanda.