Krimu Haikuanzia Dukani

Ingia hadwea yoyote pale Migori mjini au Homa Bay, uulize rangi ya kuta za ndani. Utapewa kadi yenye vipande vidogo vidogo: krimu, beji, kijivu cha mawe, nyeupe ambayo si nyeupe kabisa. Siku hizi kila mtu anataka rangi zilizotulia. Landilodi anazipenda kwa sababu hakuna mpangaji atakayezikataa. Vijana tunazipenda kwa sababu zinatoka poa kwenye picha. Na wote tunaongea kana kwamba ni fasheni mpya.

Si mpya. Kuta za Nyanza ya Kusini zilikuwa na rangi hizo kabla ya kopo la kwanza kufika.

Anza na Mfangano, kisiwa kilicho Kaunti ya Homa Bay. Kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone kuna duara ndani ya duara, zimechorwa kwa nyekundu na nyeupe. Inaaminika ni kazi ya Watwa, wawindaji walioishi huko kabla ya Wasuba na Waluo. Nyekundu ya aina hiyo hutoka kwenye udongo wenye madini ya chuma, na nyeupe kwenye udongo laini. Hakuna kilichoagizwa kutoka mbali. Mchoraji alitumia ardhi aliyoikanyaga.

Sasa vuka uende Nyatike, Kaunti ya Migori, uone Thimlich Ohinga. Kuta zake za mawe zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5, zimepangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na huenda zilianza kujengwa karne ya 16. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Mawe yamebaki kijivu chake cha kuzaliwa. Lakini huo ulikuwa ukuta wa nje, wa kuzuia adui na wanyama. Watu walilala ndani ya boma, kwenye nyumba za udongo, na udongo haudumu kama jiwe. Kwa hiyo mtalii anapiga picha ngome, ila ukuta ambao mtu aliuchagulia rangi umeshaporomoka zamani.

Ule ukuta tunaujua kwa sababu kazi yake haikukoma. Kwa Waluo, wanaume walisimamisha nguzo na fito, kisha wanawake wakakandika na kupaka. Kwa Kijaluo kazi hiyo inaitwa muono. Udongo ulichanganywa na maji na kinyesi cha ng'ombe ili usipasuke ovyo. Rangi ilitoka palepale: udongo mwekundu wa kilimani, udongo mweupe wa kando ya mto, jivu la mekoni kwa kijivu, masizi na makaa kwa nyeusi. Ukizichanganya hizo unapata karibu kila kipande kilicho kwenye ile kadi ya hadwea.

Hata mpangilio ulikuwa na sababu. Mara nyingi sehemu ya chini ilipakwa rangi nzito na ya juu ikaachwa nyepesi, kwa sababu mvua ikinyesha tope huruka na kuchafua chini kwanza. Sasa kumbuka shule yako ya msingi: chini kahawia au bluu iliyokolea, juu krimu. Akili ni ileile.

Na lugha ilikuwepo. Rachar ni nyeupe, rateng' nyeusi, rakwar nyekundu, rabuor ile kahawia hafifu. Maneno hayo hutumika kumtaja ng'ombe kwa rangi yake. Jamii inayotofautisha ng'ombe kwa rangi haingeshindwa kutofautisha kuta.

Basi nini kilibadilika? Pesa. Kanuni za mwaka 1901 za utawala wa Waingereza zilianzisha kodi ya nyumba, iliyolipwa kwa rupia. Katika boma la Mluo kila mke alikuwa na nyumba yake, kwa hiyo mwenye wake watatu alihesabiwa nyumba tatu. Nyumba ambayo mwanamke aliipaka kwa mkono wake ikawa namba kwenye daftari la serikali. Wanaume wakaenda kutafuta vibarua mbali, na baadaye mishahara ikarudi nyumbani kwa sura ya mabati na saruji, kisha makopo ya rangi.

Tusidanganyane hapa. Kukandika ni kazi ngumu. Unachimba, unabeba maji kichwani, unakanyaga tope, na mvua kubwa ikipita unaanza tena. Hakuna aliyekulipa. Mama aliyepata ukuta wa saruji alipumzisha mgongo, na hakuna haki ya kumwambia arudi kwenye tope ili sisi tupate urithi wa kupiga picha.

Lakini pamoja na tope iliondoka sauti. Zamani mwenye kujua udongo mweupe unachimbwa wapi ndiye aliyeamua nyumba itakaaje. Leo fundi anamuuliza mwenye pesa, mara nyingi mwanamume aliye Nairobi, naye anajibu kwa simu, "Weka tu krimu." Aliyepaka miaka yote hajaulizwa. Na kwa kuwa ukuta wa saruji haupakwi kila mwaka, binti hajifunzi kwa kutazama. Vizazi viwili vinatosha kusahau ile kona ya mto.

Kwa hiyo ukienda kununua, anzia nje ya mlango wako. Kama barabara ni ya murram, vumbi lake jekundu litakaa kwenye nyeupe safi ndani ya wiki. Beji yenye wekundu kidogo italificha. Chumba chenye dirisha dogo kitaonekana baridi ukikipa kijivu. Jaribu kipande ukutani, ukitazame asubuhi na jioni kabla hujanunua kopo kubwa. Weka rangi nzito chini kama kuna watoto.

Halafu kabla hujalipa, mpigie nyanya yako simu. Muulize walichimba wapi ule udongo mweupe, na walichanganya na nini. Andika jina la mahali, na jina lake yeye.