Vitawanyishi vya mafuta baharini vyenye asili ya viumbe

Kitawanyishi ni dawa inayonyunyiziwa mafuta yaliyomwagika baharini ili utando wake uvunjike kuwa matone madogo, takriban mikromita 70 au chini ya hapo, yanayobaki ndani ya maji na kuliwa na bakteria kabla upepo haujayafikisha ufukweni. Kazi hiyo hufanywa na safakitanti, yaani molekuli zenye upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta. Zikijipanga mpakani mwa vitu hivyo viwili, mvutano wa uso hushuka na mawimbi huweza kuyapasua mafuta. Watafiti wengi sasa wanatafuta safakitanti hizo katika mimea na vijidudu. Jitihada hii inastahili kuungwa mkono, ila kwa sababu iliyo sahihi: asili ya kiungo haithibitishi usalama wake. Kinachopaswa kupimwa ni mchanganyiko mzima, pamoja na mafuta yenyewe na bahari yalikomwagika.

Hofu ya dawa hizi ina msingi. Meli Torrey Canyon ilipokwama miambani karibu na Cornwall, Uingereza, Machi 1967, takriban tani 10,000 za sabuni za viwandani zilimwagwa kuyatawanya mafuta yake, na viyeyushi vyake vikali viliua viumbe wa miambani kwa wingi kuliko mafuta yalivyofanya. Mwaka 2010, kisima cha Macondo kilipolipuka katika Ghuba ya Meksiko, karibu lita milioni 7 za kitawanyishi cha Corexit zilitumika, sehemu yake ikiingizwa kwenye mdomo wa kisima, kina cha mita 1,500 hivi. Lakini tazama kilichokuwa ndani ya Corexit 9500. Ilikuwa na safakitanti za Span 80 na Tween 80, ambazo huundwa kwa sorbitoli, inayotokana na sukari ya wanga, na asidi ya oleiki, iliyojaa katika mafuta ya mimea. Dawa iliyolaumiwa kote duniani ilikuwa tayari na mizizi shambani. Kilichozua maswali zaidi ni kiungo kingine, DOSS, kilichoendelea kupimwa katika maji ya kina wiki kadhaa baada ya unyunyiziaji kukoma, pamoja na kiyeyushi cha petroli kilichobeba viungo vyote.

Hapo ndipo kazi ya muundaji wa kitawanyishi inapoanza. Hutumia kipimo alichokibuni William Griffin mwaka 1949, kinachoonyesha kama safakitanti inaelemea maji au mafuta: Span 80 ina 4.3 na Tween 80 ina 15, na vitawanyishi vingi vya baharini hulengwa kati ya 9 na 11. Lesithini ya soya peke yake huelemea mafuta na haitoshi. Ikichanganywa na Tween 80 ndani ya ethanoli, zote mbili hutawanya mafuta ghafi vizuri kuliko kila moja ikiwa pekee, kama watafiti wa Marekani walivyoonyesha mwaka 2014. DOSS haimo, wala kiyeyushi cha petroli. Ramnolipidi, safakitanti zinazotengenezwa na bakteria Pseudomonas aeruginosa, nazo hushusha mvutano wa uso kwa kiasi kikubwa. Ila bakteria huyo huambukiza vidonda na mapafu ya wagonjwa dhaifu, hivyo vinasaba vyake vya kuzitengeneza vimehamishiwa kwa Pseudomonas putida, asiye na madhara hayo. Gharama ya kuchachusha, kudhibiti povu na kusafisha bado ni kubwa.

Wapo wanaosema kwamba kitu cha asili hakiwezi kuidhuru bahari. Wavuvi wanaojua utupa, mmea unaolewesha na kuua samaki, wanajua kwamba sivyo. Saponini za mimea pia ni safakitanti, na huharibu mashavu ya samaki. Wengine husema kuwa kuoza upesi kunatosha. Hoja hii ni nzito zaidi, lakini dawa inayooza haraka mno inaweza kuliwa kabla ya mafuta, na bakteria wakashibia chakula kisichokusudiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya maji ya Ghuba ya Meksiko ulidai kuwa kitawanyishi kilibadilisha jamii ya bakteria bila kuharakisha uozaji wa mafuta. Wanasayansi wengine waliupinga, na ubishi huo ndio sababu ya kudai majaribio marefu kuliko ya dakika chache za kutikisa chupa.

Wapo pia wanaosema kutawanya ni kuficha tu. Penye maji mafupi juu ya matumbawe au mikokoni, wana haki: matone huwafikia viumbe wasioweza kukimbia. Bahari kuu ni tofauti, kwa kuwa maji mengi huyapunguza makali ya matone na fukwe hupona.

Kwa Afrika Mashariki swali hili lina uzito wa pekee. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, karibu na hifadhi ya bahari inayomlinda samaki silikanti. Mafuta yake yana nta nyingi hata bomba limebuniwa kupashwa joto yasigande. Yakimwagika katika maji yaliyopoa kuliko kiwango chake cha kuganda, safakitanti haipenyi ndani ya mabonge, iwe ya soya au ya kiwandani. Kwa mafuta kama hayo, vizuizi vinavyoelea na vyombo vya kukusanya mabonge vinapaswa kuwa tayari bandarini kabla ya pipa lolote la kitawanyishi kununuliwa.