Mombasa Ishawahi Kubeba Ligi, na Hamjui

Leo ukipita Ndia Kuu na jezi ya Liverpool, kila mtu anajua ni ile ya Uingereza. Miaka ya 60 ungeulizwa, "Liverpool ipi?" Sababu Mombasa ilikuwa na Liverpool yake. Lakini leo si hiyo. Leo nataka tuongee kuhusu Feisal.

1963, mwaka tuliopata uhuru, ndio Ligi ya Taifa ilianza Kenya. Bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All-Stars. 1964 ikaenda Luo Union. 1965? Feisal. Ya hapa hapa Mombasa. Bingwa wa Kenya nzima, wajameni.

Na weka hii kichwani: Gor Mahia ilikuwa hata haijazaliwa. Imeundwa 1968. Abaluhya United, ambayo leo ni AFC Leopards, ilibeba ligi mara ya kwanza 1966, mwaka mmoja baada yetu.

Tangu hapo, sufuri. Bandari ilikaribia, ikamaliza ya pili msimu wa 2018/19 na kubeba Shield 2019. Lakini ligi bado.

Sasa watu wa bara wakisikia hivyo wanakimbilia jibu moja: wachezaji wa Pwani ni wavivu. Hiyo hadithi siitaki. Mbona 1965 hawakuwa wavivu?

Angalia nani alianza kushinda baadaye. 1972, Kenya Breweries, ambayo leo ni Tusker. 1977 tena, 1978 tena. Timu ya kampuni ya bia. Ligi haikuwa ya kulipwa vile tunavyojua leo, lakini timu ya kampuni ingeweza kumpa kijana kazi na mshahara wa mwisho wa mwezi. Timu ya mtaa itampa nini? Makofi na chai. Una kipaji, mama yako nyumbani anangoja unga, utachagua wapi? Hata mimi ningeenda.

Gor na Leopards zilipona kwa sababu zina watu kila mji, kuanzia Kisumu na Kakamega mpaka Nairobi na hapa. Timu ya kisiwa kimoja, bila kampuni na bila mashabiki nchi nzima, ikazimika. Si uvivu huo. Ni hesabu.

Na msidhani pesa ya kampuni ni dawa. 2003 vilabu viliunda kampuni yao ya kuendesha ligi, KPL. SuperSport wakaja, mechi zetu zikaonekana kwenye TV. 2017 wakaondoka. 2019 SportPesa nao wakaondoka baada ya kuvutana na serikali juu ya kodi. 2020 mkataba wa KPL ukaisha, FKF ikachukua ligi yenyewe. Mdhamini anakupenda hesabu zake zikikubali. Zikikataa, hata kwaheri huipati.

Kwa hivyo tusiilaumu Feisal kwa kufa. Lawama yetu iwe hii: tumeiacha ife mara ya pili. Nimetafuta mtandaoni video ya ule msimu wa 1965, sikupata hata sekunde kumi. Lakini naweza kukuonyesha kila goli la Salah.

Kumbukumbu zetu ziko barazani. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka ule, leo amepita 70. Kila tukienda khitma ya mzee mmoja, tunarudi na biryani, na msimu mzima wa ligi umebaki kaburini.

Sasa kazi ni hii. Jioni ya leo zima mechi ya Uingereza nusu saa. Mnunulie babu kahawa, keti naye, weka simu yako irekodi, muulize swali moja tu: "Babu, 1965 nani alikuwa golini?"

Halafu nyamaza, umsikize.